Mtia Chumvi wa Ua Wetu

Katika ua wetu chumvi ilikuwa na mwenyewe. Mtu yeyote aliweza kuchambua maharage, kuosha mboga, kuchochea moto na kusonga ugali, lakini chumvi hakutia kila mtu. Wakubwa wetu walituambia kwamba mwanamke aliye katika siku zake akitia chumvi kwenye chakula, mume na watoto watapata kifua, watakohoa mpaka wakonde. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyamwanga, na ukivuka mpaka kuingia Zambia utawakuta na wenzetu wanaliogopa jambo hilohilo. Chumvi hutiwa na binti ambaye hajavunja ungo, au na mama ambaye siku zake zimekwisha kukatika.

Mjini Tunduma mabinti wadogo wako shule mchana kutwa. Kwa hiyo kazi ilimwangukia dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na aliyenibeba mgongoni.

Ua wenyewe tuliachiwa na mama yetu. Nyumba ya dada ambaye ni mjane iko upande wa barabara, yangu na mume wangu upande wa pili, na katikati kuna jiko moja la nje lenye paa la bati. Tulipika pamoja, mimi na wakwe wawili wa dada, yaani wake wa wanawe. Mkwe mkubwa ni mwalimu wa sekondari, tena wa baiolojia. Siku moja nilimuuliza kama na yeye anaamini habari za kifua. Alisema haamini hata kidogo, ila hawezi kumfanyia mumewe majaribio.

Watu wa mbali wakisikia mambo haya huona ni ushamba, na mimi huwaacha waone hivyo, maana hawajui uzuri wake. Kwa kuwa dada alitia chumvi kila siku, hakuna mwanamume katika ua aliyejua ni nani kati yetu yuko katika siku zake. Mboga ikiiva, mpishi alichukua kijiko, akakipeleka kwa mikono miwili akiwa amekunja goti kidogo: "Mama, tunaomba chumvi." Alisema hivyo leo, akasema hivyo kesho, siku zikiwepo au zisiwepo. Siri za wanawake watatu zilijificha nyuma ya mkono mmoja.

Na dada aliupenda mkono huo. Alipokuwa mke kijana alikuwa mtu wa kuitwaitwa na kutumwa. Siku zake zilipokatika, akawa mtu wa kuombwa. Alikuja jikoni taratibu, akatia, akakoroga, akadondoshea mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto na kuulamba, macho ameyafumba. Akisema "imekolea", tulipakua. Akisema "bado", hata mume wangu aliyekuwa na njaa alinyamaza. Majirani walimjua, na misibani alikuwa anaitwa kwenye masufuria makubwa kama vile mchungaji anavyoitwa kwenye sala.

Joto lilianza wakati huohuo siku zake zilipokatika. Mwezi wa sita Tunduma ina upepo wa baridi unaopenya hadi kwenye mifupa, na sisi tulikuwa tumevaa masweta na kujifunga vitenge viwiliviwili. Dada alitoka nje na kanga moja, akaketi kwenye saruji ya baraza, akajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Jasho lilimtiririka shingoni. Tulimcheka, na yeye alijicheka. Kisha kisogo kikaanza kumgonga asubuhi. Moyo ukawa unamwenda mbio akiwa amekaa tu, usingizi ukamtoroka, miguu ikamvimba jioni hata viatu vya kanisani vikamkataa. Kila kitu tulikipa jina moja, ukomo. Ukomo ulikuwa kapu, na tulitupia humo chochote tusichokielewa.

Dalili ya mvua ni mawingu, na yetu yalitanda tukiwa tunacheka.

Siku moja baada ya ibada wauguzi waliweka meza nje ya ukumbi wa kanisa kupima watu presha bure. Dada hakuwa na haja nao. Alipanga foleni kwa sababu rafiki zake walipanga, na kwa sababu kulikuwa na kivuli. Muuguzi, msichana mchangamfu, alimfunga ule mkanda huku akimsimulia habari za bei ya vitunguu. Akasoma. Akaufungua mkanda, akamfunga tena. Akahamia mkono wa pili, na safari hii hakusimulia chochote.

"Mama," alisema, "umekuja na nani?"

Dada alinionyesha kwa kidevu. Muuguzi akaniita nisogee, na mtu hamwiti ndugu wa mgonjwa ili ampe habari njema. Alitueleza kwa upole. Alisema mwanamke akiwa bado anapata siku zake, mwili una kitu kinachoisaidia mishipa ya damu kulegea, na siku zikikatika kitu hicho hupungua, ndipo wengi presha huwapanda bila wao kujua. Alisema joto la ukomo ni jambo moja na presha ni jambo jingine, na dada alikuwa nayo yote mawili. Vidonge vitakuwa vya kila siku, kichwa kiume kisiume. Na chumvi ipungue sana.

"Mimi sili chumvi," dada alimjibu. "Naionja tu."

Muuguzi akamuuliza anaonja mara ngapi. Dada akahesabu kwa vidole, na alihesabu kwa fahari: maharage, mboga ya majani, dagaa, nyama ikiwepo, chungu cha jirani, masufuria ya msiba. Akaulizwa kama tunatia magadi kwenye maharage. Tunatia, nani asiyetia. Muuguzi akasema na magadi nayo ni yaleyale. Dada akamwangalia yule binti kwa huruma. Akamwambia kwamba mzee husifiwa kwa kula chumvi nyingi, sasa yeye ameanza kula juzi tu, na tayari wanataka kumpokonya.

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Muuguzi hakucheka, nami nilimwona.

Nyumbani mwalimu alilichukua jambo hili mikononi. Alituita, akatuchorea moyo na mishipa chini kwenye vumbi kwa kijiti. Tukakubaliana kupunguza chumvi kwa ua mzima. Mume wangu, ambaye anashughulikia mizigo ya malori pale mpakani na hurudi akiwa amechoshwa na foleni na makaratasi, alionja maharage, akaisukuma sahani polepole na kusema kwamba hajalazwa. Vijana wa dada walienda kununua chipsi. Hilo lingevumilika. Mwanaume akila chakula kilichopooza hafi.

Lililotushinda ni la pili. Mwalimu alipendekeza kwamba mama apumzishwe kuonja, na sisi tupokezane, kila mmoja atie chumvi siku anazoweza kutia. Kwa muda mfupi mambo yalienda vizuri. Kisha ikafika zamu ya mwalimu. Mboga imeiva, mume wangu amekaa kwenye kigoda pale pale akirekebisha redio, shemeji wa mwalimu, mume wa yule mkwe mdogo, amesimama mlangoni, na dada kaenda sokoni. Mwalimu alishika kijiko, akasita, kisha akamnyoshea mkwe mwenzake.

"Leo tia wewe," alisema kwa sauti ya chini.

Mume wangu aliinama zaidi juu ya redio yake. Shemeji aligeuka akatazama barabara kana kwamba kuna lori analolisubiri. Mwalimu, mtu anayesimama mbele ya darasa na kuyataja mambo haya kwa majina yake yote, aliingia ndani na hakula nasi siku ile wala kesho yake. Mwenzake akaniambia pembeni kwamba kama mambo ndiyo haya, heri yeye apike kwake, kwa jiko lake la mkaa. Kesho huyu angetoka, kesho kutwa yule, na ua wa mama yetu ungekwisha.

Dada aliporudi tulimsimulia. Alivua kanga ya begani, akanawa mikono, akakichukua kijiko kutoka juu ya mtungi.

"Watoto wangu hawatavuliwa nguo mbele ya wanaume," alisema, "na mimi mkono ninao."

Nilimwambia atakufa. Nilimwambia hivyohivyo, bila kuzungusha, kwa sababu nilikuwa na hasira na kwa sababu nilimpenda. Alikipangusa kijiko. Kisha akasema kwamba basi mimi nifanye haraka nikome, anikabidhi.

Alikuwa anatania, lakini kuanzia hapo tulijua sote wawili kwamba hiyo ndiyo njia iliyobaki. Nilikuwa nimevuka hamsini. Siku zangu zilikuwa zinakuja, zinapotea, zinakuja tena bila hodi. Na sheria yetu haimpokei mwanamke mpaka azunguke kutoka mavuno mpaka mavuno bila kuona kitu; akiona hata tone katikati, anaanza upya. Nimesikia wanawake wakimwomba Mungu awacheleweshee uzee. Mimi nilipiga magoti kanisani nikamwomba anizeeshe upesi. Nilitaka uso wangu ukunjamane, nilitaka joto linichome, ilimradi nifike kabla damu ya dada haijafanya lile ambalo muuguzi hakutaka kulitaja kwa jina.

Mavuno yakapita. Mvua zikaja, mahindi yakachipua, yakafika magotini, yakachanua. Nikaanza kuamini. Halafu asubuhi moja nikiwa kwenye meza yangu ya kuuzia vitenge, nikahisi unyevu, nikajua. Niliiacha meza kwa jirani, nikarudi nyumbani, nikajifungia chooni nikalia kwa uchungu. Nilipotoka dada alikuwa ameketi barazani, mfuniko wa sufuria mkononi.

"Imerudi?"

"Imerudi, dada."

"Haya," alisema. "Tutasubiri."

Mwaka huo wa kusubiri sikuupenda. Kila kitu kilinitisha. Dada alitokwa na damu puani akiwa anachambua mchele, ikadondoka kwenye ungo, akaziokota punje zilizoingiwa na damu moja moja na kuzitupa, kisha akaendelea. Alianza kusema anaona vimulimuli mchana. Alisahau jina la mjukuu, akalitafuta, akalipata, akacheka peke yake. Vidonge alikuwa navyo, amevifunga kwenye ncha ya kanga, lakini alivimeza kichwa kilipomwamuru. Kichwa kikitulia, alisema anavitunza visiishe bure. Niligombana naye kuhusu jambo hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alinijibu kwamba dawa ya kila siku ni ya mtu mgonjwa, na yeye si mgonjwa. Sikio la kufa halisikii dawa, nilimwambia, na neno lile likanirudia mwenyewe, nikajuta kulitamka.

Katika miezi hiyo alikuja mteja mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, mama wa Kibemba anayenunua kwangu siku nyingi. Alikuwa anatafuta kitenge cha rangi moja cha kuwatosha wanawake wote wa ukoo wao. Tulipokuwa tunapima, mazungumzo yakafika kwenye chumvi, sijui kwa njia gani. Akaniambia, "Bamayo," yaani mama, "kwetu pia ni hivyo. Mtia chumvi wetu alikuwa shangazi." Nikamuuliza shangazi hajambo. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa, akakilaza vizuri, akasema kitenge hiki ni cha arobaini yake. Sikuuliza alikufa kwa nini. Nilimpunguzia bei, akaondoka, na nilikaa pale nikiwa na mkasi mkononi nisijue nilitaka kukata nini.

Mahindi ya mwaka uliofuata yalipoanza kukauka shambani, siku zangu hazikuwa zimerudi. Zilibaki wiki chache tu mavuno yafike. Ndipo akafa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Ulikuwa msiba mkubwa, watu walitoka hadi Vwawa na Ileje. Nyuma ya nyumba palikuwa na mafiga mengi na masufuria ya kubebwa na watu wawili. Walimwita dada. Nilimzuia mlangoni, nikamwambia aende tu akakae na wafiwa, wengine watatia. Aliuliza, wafiwa watakula kilichopooza kwa sababu yake? Akaenda. Nilimfuata kutoka sufuria hadi sufuria kama askari. Wali, nyama, maharage, kabichi. Alitia, akakoroga, akalamba kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moto au kwa kitu kingine, na mshipa wa kwenye kipaji cha uso ulikuwa umesimama. Nilingoja aanguke. Kila alipoinama nilinyosha mikono. Hakuanguka. Tulimzika mzee, tukala, watu wakasifu chakula, tukarudi nyumbani tukitembea, na dada akaniambia kwamba nimezidi woga.

Asubuhi yake aliniita nikamfunge kanga. Nilimkuta amekaa kitandani, kanga mapajani, anaitazama.

"Huu mkono," alisema, "haunisikii."

Neno la mwisho lilitoka limeteleza upande mmoja, kama mate ya mtoto. Mdomo wake ulikuwa umeshuka kushoto. Mume wangu aliwasha gari bila kuvaa viatu. Njiani kuelekea hospitali dada alikuwa ananitazama kwa jicho moja tu, lile jingine lilikuwa linaangalia dirisha, na nilimshika mkono ule usiosikia, nikaubana mpaka nikaumia mimi.

Hakufa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia huanza kunipa pole. Alilazwa, upande wa kushoto ukapooza, maneno yakawa mafupi. Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Siku moja muuguzi wa wodi, mwanamke wa makamo kama mimi, aliniona nimejishika kisogo. Akaniambia niketi. Nikasema ni uchovu, na ukomo, kwa maana nimekaribia kukoma. Aliitikia kwa kichwa, akanifunga mkanda. Akasoma. Akafungua, akafunga tena, akahamia mkono wa pili.

"Mama," alisema, "umekuja na nani?"

Nilitazama kitanda cha dada. Nilikuja naye.

Walinipa vidonge, na mimi namshukuru Mungu ninavimeza kila siku, kichwa kiume kisiume. Nimejifunza angalau hilo. Lakini kisogo bado kinanigonga asubuhi nyingine, na nikipima naambiwa haijashuka inavyotakiwa, nipunguze chumvi, nipunguze mawazo. Mawazo nayapunguzia wapi?

Nyumbani, kwa wakati wote ule dada alipokuwa amelazwa, walipika bila chumvi, wakaweka kisahani mezani kila mtu ajinyunyizie. Mume wangu alihamia kula kwa mama ntilie mpakani. Wakwe walikuwa hawaangaliani. Tulipomrudisha dada, mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na kupukuchuliwa, magunia yamesimama ukutani. Nilikuwa nimezunguka mwaka mzima. Nilimwambia yeye peke yake, sikioni, nilipokuwa namwogesha. Alifumba macho. Nilifikiri amelala, kumbe alikuwa anafurahi.

Siku iliyofuata tulimtoa nje, tukamweka kwenye kiti karibu na mlango wa jiko. Maharage yalikuwa yanachemka. Mume wangu alikuwa amerudi mapema, vijana wapo, watoto wapo. Mwalimu alikitoa kijiko juu ya mtungi, akaelekea kwa dada kwa mazoea. Dada akatikisa kichwa na kuninyoshea kidole cha mkono mzima.

Mwalimu akageuka. Akaja mbele yangu, akakunja goti, akanipa kijiko kwa mikono miwili.

"Mama mdogo," alisema, "tunaomba chumvi."

Niliona mabega ya yule binti yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Niliwaona wanaume wakinitazama na kuelewa mimi ni nani sasa. Nilikuwa nimekwisha kujiapia kwamba nikikabidhiwa nitatia kidogo sana, na sitaonja kabisa. Nikachota ncha ya kijiko, nikatia, nikakoroga, nikafunika.

Dada alinyosha kiganja chake cha kulia. Sikuweza kumnyima mbele ya watu. Nikamdondoshea mchuzi, akaulamba kwa upande wa mdomo uliobaki, taratibu, macho ameyafumba. Mchuzi mwingine ulimtiririka kidevuni, mwalimu akamfuta.

"Bado," alisema.

Lilitoka wazi kuliko neno lolote alilosema tangu augue. Kila mtu katika ua alikuwa akinisubiri. Kisogo changu kilikuwa kinagonga. Nilifunua sufuria, nikadondoshea mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, nikaonja. Alisema kweli. Nikachota tena.